Mzee Nukta Apiga Simu kwa Rais

Hapana, Chapchap hakusikia vibaya.

Wapo waliobisha wiki nzima kwamba ile sauti ya redioni ni ya mzee mwingine tu, eti wazee wote kwenye simu wanafanana. Jamani. Mtu hawezi kukosea sauti iliyomwamsha kwenda shule miaka kumi na mbili. Yule aliyepiga simu kwenye kipindi cha Rais, Jumamosi saa tisa kasoro mchana, nchi nzima ikisikiliza, alikuwa Mzee Nukta. Baba yake mzazi.

Na baba yake mzazi ndiye mtu aliyekuwa anatafutwa.

Kama umeingia leo, kaa hapa nikupe haraka. Kila Jumatano, ukurasa wa sita wa gazeti lao, hutoka makala ya mtu anayejiita Mwenye Miwani. Inamsema Rais mpya, na inamsema kwa adabu, jambo ambalo limemuudhi kuliko matusi. Watu watatu tu wanajua nani anaiandika: mwandishi mwenyewe, mhariri, na Chapchap, ambaye kazi yake pale gazetini ni kupiga chapa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya vidole vyake. Mzee hagusi kompyuta. Anaandika kwa mkono kwenye karatasi za mistari, binti anazibeba ndani ya mkoba, anazichapa, anazichana vipande vipande. Huu ni mwezi wa nne wanafanya hivyo.

Sasa Jumamosi ile Rais alilichukua gazeti, akaisoma makala hewani kwa sauti ya kuigiza kizee mwenye meno mawili, umati wake studioni ukacheka mpaka kipaza sauti kikakwaruza. Halafu akafungua simu kwa wananchi. Simu ya kwanza ikaingia.

"Mheshimiwa Rais, habari za mchana. Mimi ndiye Mwenye Miwani. Umenisoma vibaya, naomba nikusahihishe."

Pale ndipo tulipokatia.

Chapchap alikuwa anasikilizia kazini, chumba cha habari cha gazeti. Meza sita, watu tisa, feni moja, na ile feni ndiyo pekee iliyoendelea na kazi. Mhariri alitoka kwenye chumba chake cha vioo akiwa na kikombe mkononi. Akamtazama Chapchap. Chapchap akamtazama. Hakuna aliyeweza kusema neno mbele za watu, kwa hiyo walitazamana tu kama watu wawili waliofungiwa kwenye lifti moja inayoshuka vibaya.

  Redioni, Rais akacheka, kicheko kirefu cha kirafiki, akamwambia mzee karibu sana, hebu nisahihishe, nimekosea wapi.

"Umesoma kwamba nataka unga upande bei," alisema Mzee Nukta. "Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba bei ukiipanga kwa kutangaza, itashuka kwenye tangazo, na unga wenyewe utaondoka dukani. Maneno ya mwisho umeyaruka."

Umati ulizomea. Mzee aliwasubiri wamalize, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesubiri mvua ipite chini ya paa la duka.

Mjue huyu mzee alikuwa nani. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha katika kiwanda cha chapa cha serikali, akisahihisha sheria kabla hazijachapwa. Kila sheria ya nchi hii ilipita chini ya penseli yake nyekundu. Sheria isiyochapwa, kwake, ni maneno ya mtu tu. Alistaafu, lakini penseli haikustaafu. Mtaani alisahihisha mabango ya vinyozi. Alisahihisha tangazo la msiba. Ndiyo maana wakamwita Nukta.

Na sasa alikuwa anamsahihisha Rais.

Aliendelea kwa sauti ileile ya ofisini. Alisema wenye vinu vya unga wamenyang'anywa mchana mmoja na vinu vikapewa vijana wa kofia za chama ambao hawajui jiwe la kusagia linanolewaje. Alisema hakuona karatasi yoyote ya amri hiyo. Alisema mawaziri watatu wamefukuzwa kwa simu, hewani, mmoja wao akiwa kwenye arusi ya mwanawe. Hakuona karatasi. Alisema noti mpya zinatoka kila wiki zikinukia wino.

"Mimi si mpinzani, Mheshimiwa. Sijawahi kuandamana hata siku moja. Nilimpigia kura yule aliyekutangulia, na yule aliyemtangulia yeye, kwa sababu sipendi mambo ya haraka. Noti hazichapwi kama vipeperushi. Na waziri hafukuzwi kama mchezaji aliyekosa penalti."

Mtu mmoja wa dawati la michezo alicheka. Kisha akageuza kile kicheko kikawa kikohozi, akakohoa muda mrefu sana kuliko mtu mzima anavyohitaji.

Rais akauliza swali dogo tu.

"Mzee wangu, unaitwa nani?"

Kata simu, Chapchap aliomba moyoni. Baba, kata. Sema betri. Sema lolote.

Lakini Mzee Nukta, akiulizwa jina na mkuu wa nchi, angefanyaje? Alijibu kama anajaza fomu. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Akataja mtaa. Akataja namba ya jengo. Akaongeza, ili wasisumbuke, kwamba ni ghorofa ya pili, mlango wa kushoto ukimaliza ngazi.

Mhariri aliweka kikombe mezani. Pale hapakuwa na meza. Kilivunjika sakafuni na hakuna aliyegeuka.

"Nimekupenda sana," Rais akasema. "Nchi inahitaji watu wanaosema ukweli. Kuanzia dakika hii wewe ni Msimamizi Mkuu wa Bei wa taifa hili. Nakutumia gari."

Vigelegele. Ngoma. Umati unaimba.

Wale mnaosema afadhali cheo kuliko pingu, tulieni. Rais huyu hakuwa anawafunga wanaomsema. Alikuwa anawateua. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara, akapewa kusimamia vyakula vya nchi asubuhi, na wiki ya tatu akatumbuliwa hewani kwamba ndiye aliyeficha sukari. Yuko rumande. Wa pili alikuwa mtu wa benki, akapewa sarafu ya nchi, akaonekana akiingia hospitali kwa miguu yake na hajaonekana akitoka. Wa tatu, mpaka leo, mkewe anakuja gazetini kuuliza kama wamesikia lolote.

Sauti ya mwisho ya Mzee Nukta ilisikika chini ya ngoma, kwa mbali. Alikuwa anasema anashukuru, lakini uteuzi huja kwa barua.

Mhariri alimwita Chapchap ndani eti kuhusu matangazo ya Jumatatu. Mlango ulipofungwa alizungumza kwa kunong'ona, mgongo wake ukiwa kwenye kioo ili wengine wasione mdomo. Alimwambia asipige simu, simu zinasikilizwa. Alimwambia kompyuta anayochapia ataisafisha yeye mhariri mwenyewe. Akauliza makala ya Jumatano iko wapi. Iko kwenye mkoba, kwa mwandiko wa baba, kurasa nne. Choma, alisema. 

Chapchap alishuka ngazi mbili mbili.

Dereva wa bodaboda aliyempata alikuwa na spika ya redio sikio moja na mdomo usiochoka. Alikuwa ameshasikia kila kitu. Njia nzima alimsimulia Chapchap habari za baba yake mwenyewe: kwamba kuna kizee kimepiga simu kwa kiburi, na Mheshimiwa, kwa ule moyo wake, badala ya kukichapa amekipa ulaji. Dada, huyu Rais ni wetu, alisema. Hawa wazee wa tai hawampendi kwa sababu haongei kizungumkuti. Anasema leo, leo linatendeka. Unga nusu bei. Nani aliwahi kutufanyia hivyo?

Chapchap, ameshika koti la yule kijana kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akamuuliza lini mara ya mwisho alinunua huo unga.

Pikipiki ilipita taa mbili za barabarani kabla hajajibu.

"Kwa kweli wiki ya tatu sasa haupo," alisema. "Lakini ukiwepo, ni nusu bei."



Mbele ya jengo hakukuwa na gari. Chapchap alivuta pumzi ya kwanza kamili tangu saa tisa. Akapanda, akafungua mlango kwa ufunguo wake, na akamkuta baba yake mezani, amevaa koti la kijivu la ofisini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Amekaa wima, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Redio kaizima. Alisema alichotaka kusema kimeshasemwa, hakuona sababu ya kusikiliza nyimbo.

Binti alimwambia ainuke sasa hivi. Jikoni kuna mlango wa nyuma, ngazi za chuma, uchochoro, na nyumba ya shangazi wa mumewe ni nusu saa kwa miguu. Alikuwa ameshashika begi la nguo. Alikuwa ameshatupa soksi ndani.

Mzee hakuinuka.

"Wiki kumi na sita nimeandika kwamba watu wafuate taratibu," alisema. "Sasa nitoroke kwa taratibu ipi?"

Hapo Chapchap alimwaga yote. Alimwambia hana haki ya kufia nukta na mkato. Alimwambia wajukuu wake wako shuleni na hawajui kama jioni watakuwa na mama. Alimuuliza kwa nini hakuweza, mara moja tu katika maisha yake, kuliacha kosa lipite. Kosa moja, baba. La mtu mwingine. Redioni.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema alijaribu. Aliwahi hata kutoka nje na kuzunguka jengo. Lakini wale watu walikuwa wanacheka neno ambalo hakuliandika, na nchi nzima ingelala ikiamini kaliandika.

 

Kisha uso wake ukabadilika. Aligeuka taratibu, akaangalia mkoba begani kwa Chapchap, na rangi ikamtoka.

"Wataniuliza nani ananichapia," alisema. "Hilo sikulifikiria."

Mtu aliyesahihisha sheria za nchi miaka thelathini na mmoja, neno kwa neno, alikuwa ameruka jambo moja tu. Na jambo lenyewe limesimama mbele yake limeshika soksi.

"Nenda," alisema. "Pita jikoni. Nenda sasa."

Mlango ukagongwa. Mara tatu, polepole, kistaarabu.

Mzee akafungua. Ndiyo, akafungua mwenyewe, maana mtu akigonga anafunguliwa.

Walikuwa wawili. Wa mbele mrefu, mwembamba, ana faili kwapani na sauti ya daktari wa watoto. Alijifuta viatu kwenye mkeka muda mrefu. Aliomba samahani kwa kuja bila taarifa, akasema lifti ingekuwepo angefika mapema. Wa nyuma alibaki mlangoni na kijiti mdomoni, akaegemea, na mlango ukawa haupo tena.

Nawaambia, Chapchap angependa wapige kelele. Kelele unajua pa kuzishika. Huyu mrefu alimpa mzee pole na hongera kwa pumzi moja, na nywele za shingo ya Chapchap zikasimama.

Alisema Mheshimiwa amesikia mzee anataka barua. Basi hii hapa. Akaitoa kwenye faili, bado ina joto la mashine, nembo ya taifa juu, muhuri chini.

Mzee Nukta akaketi, akavaa miwani, akasoma. Alisoma kama alivyosoma maisha yake yote, kidole chini ya kila mstari. Dakika zilipita. Yule wa mlangoni alihamisha kijiti kutoka kona moja ya mdomo kwenda nyingine. Chapchap alihesabu vigae vya jikoni kutoka pale alipo mpaka kwenye mlango wa nyuma. Kumi na moja.

"Haina tarehe," mzee akasema.

Mrefu alitabasamu. Alisema hilo ni jambo dogo, tarehe mzee ataijaza mwenyewe, chini ya sahihi yake. Watamwambia ipi.

Mzee aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Na Chapchap aliona baba yake anaelewa, na yeye akaelewa sekunde moja baadaye. Barua isiyo na tarehe inaweza kuwa ya siku yoyote. Inaweza kuwa ya mwezi wa pili, kabla vinu havijanyang'anywa. Kabla bei haijatangazwa. Kabla unga haujaondoka dukani. Mzee Nukta akiweka sahihi pale, basi kuanzia leo ndiye aliyefanya yote yale. Msimamizi Mkuu wa Bei alikuwepo siku zote, na nchi haina unga kwa sababu yake. Watu wenye njaa watapewa jina, mtaa, ghorofa na mlango. Tena kwa mdomo wake mwenyewe wameshapewa.

"Siwezi kuweka sahihi kwenye hii," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika.

Mrefu hakukasirika. Alifungua faili tena, akatoa karatasi ya pili, akailaza juu ya ile ya kwanza, akainyoosha kwa kiganja.

"Hii ina tarehe," alisema.

Ilikuwa hati ya kupekua nyumba. Wanatafuta kinachotumika kuchapa makala za Mwenye Miwani, na anayezichapa. Mzee aliisoma mara mbili. Alitafuta kosa. Wallahi alitafuta, kidole kinakwenda na kurudi, mpaka Chapchap akamwonea huruma. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Jina la hakimu, kifungu, muhuri, saa. Walimjua mzee wao. Walikuwa wamemwandikia hati safi kuliko zote zilizowahi kutolewa tangu Rais huyu aingie.

Akabaki na kitu kimoja cha kushika, akakishika. Alisema sheria inataka shahidi wakati wa kupekua, mtu mzima, asiyekuwa askari wala ndugu wa mwenye nyumba.

Mrefu alisema anajua. Kisha, kwa mara ya kwanza, alimgeukia Chapchap.

"Na huyu ni nani?"

Wasomaji, Mzee Nukta hakuwahi kusema uongo. Sitii chumvi. Marehemu mkewe alipomuuliza kama chumvi imezidi, alisema imezidi. Chapchap alipovunja dirisha la shule akiwa darasa la tano, baba yake ndiye aliyekwenda kwa mwalimu mkuu kusema ni nani. Alikuwa haongopi kwa watoto, haongopi kwa wagonjwa, haongopi kwa watu wanaouliza kama wamenenepa. Kwa hiyo Chapchap alifumba macho, akasubiri kusikia maneno mawili: binti yangu.

"Simjui," alisema Mzee Nukta. "Amekuja kuulizia chumba cha kupanga."

Chapchap alifumbua macho. Baba yake hakuwa anamwangalia. Alikuwa anaangalia meza, na masikio yake yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Lakini alikuwa amesema. Kati ya Chapchap na ngazi sasa kulikuwa na uongo mmoja tu, wa kwanza wa baba yake, na ulikuwa unatosha. Angeaga. Angesema atapita siku nyingine kuhusu chumba.

"Vizuri sana," mrefu akasema. "Basi si ndugu. Atakuwa shahidi wetu."

Akavuta kiti, akampangusia, akamkaribisha akae mkabala na mwenye nyumba. Karatasi ya tatu ikatoka kwenye faili. Jina la shahidi. Kazi ya shahidi. Namba ya kitambulisho.

"Kitambulisho tu, dada. Hatutakuchelewesha."



Mkobani alikuwa na vitambulisho viwili. Cha taifa kina jina lake, na mbele ya jina lake jina la baba yake, lilelile ambalo redio imelitangaza mchana kweupe. Cha kazini kina jina lake na la mumewe, sawa, lakini juu yake kuna nembo ya gazeti. Akitoa cha kwanza, baba yake ni mwongo mbele ya sheria, dakika mbili baada ya kuongopa kwa mara ya kwanza. Akitoa cha pili, mpigachapa wanayemtafuta amejileta mwenyewe. Na vyote viwili vilikuwa chini ya zile kurasa nne za Jumatano, ambazo hakuwahi kuzichoma.

Aliingiza mkono. Karatasi zikalia. Ndani ya chumba kile zililia kama bati. Vidole vyake, vidole vya Chapchap visivyokosea herufi, vilipapasa na kuteleza, na wakati huo wote mrefu alimtazama kwa upole, na yule wa mlangoni aliacha kutafuna.

Akatoa cha kazini.

Mrefu alikisoma mbele. Akakigeuza, akasoma nyuma. Hakusema lolote kwa Chapchap. Alitoa simu, akabonyeza namba moja tu, akaiweka katikati ya meza, sauti juu.

Kwanza walisikia umati. Kisha ngoma ikakatwa. Kipindi kilikuwa bado kinaendelea.

Mrefu aliinamia simu akasema wapo nyumbani kwa Msimamizi, na wamemkuta na mgeni kutoka gazetini, mwanamke, na mzee anasema hamjui.

"Mpe nimsikie," alisema Rais.

Alikuwa na sauti nzuri, lazima tukubali. Karibu, ya joto, sauti ya mjomba anayeleta zawadi. Alimwambia Chapchap asiogope, yupo hewani na wananchi wenzake wote wanamsikia, hakuna atakayemgusa.

"Nijibu kitu kimoja tu, binti. Huyo mzee ni nani wako?"

Mzee Nukta alitikisa kichwa. Kidogo sana, mara moja. Macho yake yalikuwa yanamwambia binti yake maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu: ongopa. Sema simjui. Mlango uko hatua nne, na huyu wa kijiti ataambiwa akupishe, maana nchi nzima inasikia.

Chapchap alijua akisema simjui atashuka zile ngazi. Alijua pia kwamba yule mke wa mteule wa tatu huja gazetini kila Alhamisi, na kwamba hakuna mtu anayekuja kuulizia habari za asiyekuwa na ndugu. Mtu aliyekanwa hewani na kila mtu ni rahisi sana kupotea.

Aliisogelea simu.

"Ni baba yangu," alisema. "Anayemchukua leo, amemchukua baba yangu. Mmesikia wote."

Umati ulinyamaza. Mzee Nukta alifunika uso kwa viganja.

Simu nayo ilinyamaza, mpaka Chapchap akadhani imekatika. Alipofikiri ameshinda, sauti ikarudi, na lile joto lake halikuwepo tena. Wala nyuma yake hakukuwa na umati. Walikuwa wametolewa hewani, na hakujua tangu lini. Pengine nchi haikusikia hata neno.

"Asante, binti," Rais alisema. "Tulikuwa hatujui kama ana mtu."

Simu ikakatika.

Mrefu aliiondoa hati ya kupekua. Chini yake ile barua ya kwanza bado ilikuwa pale, imepoa. Akaisogeza taratibu mpaka kifuani kwa mzee. Akafungua kalamu, akaiweka pembeni. Na yule wa kijiti akatoka mlangoni, akatembea bila haraka, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Chapchap. Karibu sana. Chapchap alisikia harufu ya sabuni yake.

"Mzee wangu," mrefu alisema kwa sauti ileile ya daktari wa watoto, "andika tarehe tatu, mwezi wa pili."

Mzee Nukta alimtazama binti yake. Alitazama mkono uliokuwa umewekwa sasa kwenye bega la binti yake. Akaichukua kalamu.

 Aliinama juu ya barua ya Rais, akaanza kuandika, mstari wa kwanza, kisha wa pili. Chapchap amesoma mwandiko wa baba yake maisha yake yote, anausoma hata akiwa kichwa chini. Aliusoma.

Haikuwa tarehe. Tukatie hapa, mpaka sehemu ijayo.